Kuuona Msitu wa Jozani kwa kufuata maji: mwongozo kamili wa siku moja

Wageni wengi hufika Jozani, wakapiga picha na kima, wakaondoka kabla saa haijatimia. Inaniuma, kwa sababu msitu huu nimeupenda tangu utotoni. Bibi yangu alikuwa akishona mikeka, na nilikuwa nikifuatana naye kwenda kutafuta ukindu vijijini pembezoni mwake. Nilimuuliza siku moja kwa nini upande ule miti ni mirefu hivyo, na hatua chache tu kutoka hapo vimebaki vichaka vya kiunoni. Akanijibu: "Angalia maji yake, mwanangu. Huku yako karibu, kule yamezama." Sijapata njia bora ya kuuelewa msitu huu, na ndiyo nitakayoifuata hapa: tutakwenda hatua kwa hatua, kutoka maji yaliyotuama chini ya miti mikubwa mpaka maji ya chumvi kwenye mikoko.

Kwanza ujue unakokwenda. Jozani ipo kilomita 35 hivi kusini-mashariki mwa Mji wa Zanzibar, kwenye bonde linalokatiza kisiwa cha Unguja kiunoni. Upande mmoja wa bonde kuna Ghuba ya Chwaka, upande wa pili mkondo wa bahari unaoingia mpaka kijiji cha Pete. Ardhi hiyo ni ya chini sana, na mvua inayonyesha hapo haina pa kukimbilia. Hukaa karibu na uso wa ardhi, juu ya jiwe la matumbawe, na mizizi huyafikia maji mwaka mzima. Tangu mwaka 2004 eneo lote, msitu pamoja na mikoko na sehemu ya ghuba, ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50. Mwaka 2016 UNESCO nayo ikaitambua kuwa Hifadhi Hai.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa kuutazama mwezi

Kabla ya kufikiria usafiri, hesabu mwezi umefika siku ya ngapi. Nusu ya uzuri wa hifadhi hii imo kwenye mikoko, na mikoko ya maji kujaa si ile ya maji kupwa.

Mvuvi yeyote wa Unguja atakwambia kwamba mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na tano, bahari huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku. Kuanzia hapo ongeza kama dakika 50 kwa kila siku inayopita. Mwezi ukiwa siku ya nne, kwa mfano, maji yatajaa karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukifika siku ya saba au ya nane ni maji mafu: bahari haipandi sana wala haishuki sana. Mkondo wa Pete uko ndani, kwa hiyo maji huwahi baharini kuliko yanavyofika pale. Acha nafasi kidogo katika hesabu yako.

Ushauri wangu ni kuchagua siku za bamvua. Asubuhi utaingia msituni, na ikifika saa nne utakuwa kwenye mikoko maji yamepwa, mizizi yote iko wazi na kaa wametoka. Ukiwa na subira ya kukaa mpaka alasiri, utayaona maji yakirudi.

Kuhusu majira, kusi kuanzia Juni mpaka Septemba ni kukavu na kuna upepo wa kupendeza. Kaskazi, Januari na Februari, ni joto kali. Masika, Machi mpaka Mei, watu wengi huikwepa. Nitairudia mwishoni, kwa sababu mimi naona wanakosea.

Hatua ya pili: jitayarishe na ufike mapema

Hapa sitakuchosha. Vaa viatu vya kufunika mguu, maana matumbawe hukata kama kisu. Vaa suruali na mikono mirefu, ujipake dawa ya mbu, ubebe maji ya kunywa. Darubini ukiwa nayo, chukua. Chukua na kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia na mkaazi si sawa na cha mgeni. Chakula kiache kwenye mfuko uliofungwa, na usikitoe karibu na kima.

Daladala zinazokwenda Paje, Jambiani, Bwejuu na Makunduchi hupita mbele ya lango lenyewe. Mwambie konda tangu mwanzo, "Nishushe Jozani," kisha ukae upande unaoona nje: baada ya Tunguu mashamba yanaanza kupungua, miti inakaribia barabara, na utausikia upepo wa dirishani ukipoa ghafla. Hapo umefika. Jaribu uwe langoni kufikia saa moja na nusu asubuhi. Kufika saa tano na basi la wageni ni kukuta msitu umelala.

Hatua ya tatu: mtembezaji wako muulize maswali ya nyumbani

Ukilipa utapewa mtembezaji, na wengi wao ni wenyeji wa vijiji vya jirani. Amezoea kuulizwa maswali yale yale ya watalii, kwa hiyo akikuona unazungumza Kiswahili na umeanza kwa salamu kamili, msalimie vizuri halafu mfungulie mlango mwingine. Muulize mti huu nyumbani kwao wanauitaje. Muulize bibi yake alikuwa akitibu nini kwa gome lile. Mwambie pia kuwa huna haraka, na umwambie mapema, kabla hajapanga mwendo wa dakika arubaini.

Hatua ya nne: msitu wa maji

Njia inaingia moja kwa moja kwenye kivuli. Simama hatua ishirini ndani, nyamaza, uhesabu mpaka mia. Kwanza hutasikia kitu. Kisha utasikia majani makavu yakidondoka, hondohondo akilia mahali usipopaona, na tawi likitikisika juu.

Mti wa kuutambua kwanza ni mtondoo, wenye gome lililopasukapasuka na majani mazito yanayong'aa. Mtondoo kwa kawaida ni mti wa ufukweni, na watu wa pwani wanaujua kwa mbao za vyombo na mafuta ya mbegu zake. Mingi unayoiona Jozani ilipandwa na watu wa misitu katikati ya karne iliyopita, kwani hapa palikuwa pakipasuliwa mbao. Nakwambia hili ili usidanganyike kwamba umeingia mahali ambapo mkono wa mtu haujagusa. Msitu huu umekatwa, umepandwa, umeachwa, umerudi. Ninapoziona shina zile zimejaa kuvu na fani, napata faraja kubwa kujua kwamba mahali pakipewa nafasi panaweza kupona kiasi hiki.

Sasa tazama chini. Mizizi haijazama, imetambaa juu juu kama kamba zilizomwagwa. Maji yako karibu, na udongo ulioshiba maji hauna hewa, ndiyo maana mizizi haina sababu ya kwenda kina. Mti mkubwa ukiangushwa na upepo, mizizi yake hung'oka na sahani nzima ya udongo, na shimo linalobaki hujaa maji. Likague shimo hilo kwa upole. Mara nyingi utakuta vyura wadogo, na nyayo za ndege waliokuja kunywa. Angalia pia michikichi, mikadi yenye miba, na mkindu kwenye maeneo yenye mwanga. Mkindu ndio uliokuwa ukimleta bibi.

Wanyama wengi wa hapa ni wa usiku, kwa hiyo usimlaumu mtembezaji usipomwona komba wala pelele. Paa nunga naye, yule mdogo mwenye rangi nyekundu na ukanda mweupe mapajani, ni mwoga mno. Duniani amebaki hapa Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke na Boni. Mimi nimemwona mara moja tu, naye aliniona kabla yangu. Chui wa Unguja habari zake ni za wazee: alisakwa sana baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa kuwa watu waliamini kuna wachawi wanaomfuga. Ukikaa barazani na mzee wa Kitogani au Charawe, hiyo ni hadithi ya jioni nzima.

Hatua ya tano: ona mahali msitu unapokatika

Hatua hii karibu kila mtu huiruka, na mimi naiona ya lazima. Mwombe mtembezaji akufikishe pale ardhi inapopanda kidogo. Mpando wenyewe hauzidi urefu wa mtu, lakini ukiuvuka tu umetoka kwenye miti ya kuinamisha shingo ukaingia kwenye vichaka vya maweni: jiwe kavu lenye matundu, udongo kiganja kimoja hapa na kiganja kimoja pale, miti myembamba inayong'ang'ania nyufa. Mvua ikinyesha hapa, maji hupita kwenye matundu ya jiwe mara moja. Weka kiganja kwenye jiwe, kisha rudi hatua kumi uweke kiganja kwenye udongo wa msituni. Utaelewa alichosema bibi yangu bila mimi kuongeza neno.

Vichaka hivi watu wa vijijini huvikata kuni na kuchoma mkaa, na vinahitaji miaka mingi kurudi. Paa nunga anavitegemea. Ukiona eneo lililokatwa, usimkasirikie mtu usiyemjua. Muulize mtembezaji watu wa kijiji wanapikia nini.

Hatua ya sita: kima punju

Hawa ndio wanaoleta watu, na wanastahili. Kima punju hapatikani popote duniani ila Unguja na visiwa vyake vya kando, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Jina lake la kitaalamu limetokana na John Kirk, Mskoti aliyeishi Zanzibar karne ya 19, lakini jina la wenyeji lina maana zaidi. Punju ni sumu. Wazee walikuwa wakisema ananuka, na mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Huenda imani hiyo ndiyo iliyomwokoa na sufuria kwa miaka mingi.

Mtofautishe kwanza na kima wa kawaida, ambaye ni wa kijivu, anabeba matunda mashavuni na hupenda kukimbia. Punju ana mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, midomo na pua ya waridi, na nywele nyeupe zilizotimka kuzunguka uso. Mtazame mkono anaposhika tawi: vidole vinne, gumba halipo. Tumbo lake lina vyumba, ndani yake majani huchacha polepole. Kwa hiyo anataka majani machanga na matunda mabichi. Tunda lililoiva lenye sukari nyingi linamdhuru. Ukimrushia ndizi mbivu kwa huruma, umemletea maradhi.

Usimtafute msituni tu. Makundi yaliyozoea watu hukaa upande wa pili wa barabara, kwenye miembe, mikungu na minazi ya mashamba. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, au baada ya saa tisa. Adhuhuri hulala wamelegea matawini, mikia inaning'inia.

Kaa mbali hatua tatu au nne, hata wao wakikusogelea. Ukiwa na mafua, rudi nyuma zaidi, kwani maradhi yetu huwashika. Chuchumaa, uchague mmoja, umtazame huyo huyo kwa robo saa. Siku moja nilimchagua mama mwenye mtoto kifuani. Alikula majani machanga ya mkungu, moja moja, akikata kikonyo na kukitupa. Halafu akateremka mpaka palipokuwa na tanuu la zamani, akaokota kipande cha mkaa, akakikwangua kwa meno ya mbele taratibu kama mtu anayekula kashata. Mtoto akanyoosha mkono, akalamba vidole vya mama vilivyokuwa vyeusi.

Watafiti wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1990. Majani ya mkungu na mwembe yana lishe nzuri, lakini yana pia kemikali zinazozuia tumbo kuyasaga. Mkaa hunyonya kemikali hizo. Punju wanaokaa karibu na watu wamejifunza, na watoto hujifunza kwa mama zao kama nilivyoona.

Na wakulima? Nilimkuta mwenye shamba moja amekaa chini ya mnazi wake.

"Salaam aleikum, ami. Hawa punju hawakutii hasara?"

"Waaleikum salaam, mwanangu. Wanakula vidaka, nawaona. Zamani nikiwafukuza kwa mawe."

"Na sasa?"

"Sasa sehemu ya pesa za wageni inarudi kwetu. Na mnazi wenyewe hauwezi kubeba vidaka vyote, vingine vingeanguka tu."

Ami hakuwa akijifariji. Waliohesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa walikuta kwamba minazi iliyoliwa zaidi na punju haikutoa nazi kidogo. Mnazi huangusha vidaka vingi wenyewe kabla havijawa vitale. Hata hivyo muhogo na mbaazi zikiguswa ni hasara ya kweli, na mkulima ana haki ya kusikilizwa.

Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta punju zaidi ya 5,800 kisiwani, idadi kubwa kuliko iliyodhaniwa. Ni habari njema, na wengi wanaishi ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, lakini watoto wengi hawafiki utu uzima.

Hatua ya saba: shuka kwenye mikoko

Toka kwa miguu au kwa gari mpaka Pete, mwendo mfupi kutoka langoni. Njia inaanzia penye mkwaju mkubwa, inapita kichaka cha maweni, kisha inaingia kwenye daraja la mbao lililojengwa juu ya tope. Tembea polepole, mbao huteleza.

Pwani yetu ina mikoko ya aina nyingi na kila mmoja una jina lake, kwa hiyo usiridhike kuambiwa "huu ni mkoko" basi. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi iliyopinda kutoka shinani kama miguu ya buibui. Ndio uliotoa boriti: za dari za Mji Mkongwe, na za kusafirishwa kwa majahazi mpaka Oman na Ghuba. Upana wa vyumba vya nyumba nyingi za zamani ulifuata urefu wa boriti. Mchu una mizizi inayochomoza kutoka kwenye tope kama penseli zilizosimamishwa, na hiyo ndiyo pua yake, kwa maana tope halina hewa. Chuma jani moja la mchu lililokauka juu, ulilambe: chumvi. Mti hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Utaona pia msinzi, mkandaa, na mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo.

Tafuta kwenye mkoko vitu virefu vya kijani vinavyoning'inia kama maganda. Ni miche. Mbegu huota ikiwa bado mtini, kisha mche huanguka na ncha chini: maji yakiwa yamepwa huchoma tope ukasimama papo hapo, yakiwa yamejaa huelea na kwenda kuota kwingine.

Maji yakipwa, kaa chini darajani uning'inize macho. Baada ya dakika mbili tatu kaa hutoka mashimoni, wengine wana gando moja kubwa la rangi, wanalipunga. Vijisamaki vya matope vitarukaruka kwa mapezi kama vyura. Mdiria atapita kama kipande cha samawati. Mara nyingine punju nao huja kula majani ya mikoko. Wanaoishi mikokoni, kama upande wa kisiwa cha Uzi, wameonekana wakinywa maji mara nyingi kuliko wenzao wa msituni, kwenye matundu ya miti na nyufa za mawe, pengine kwa sababu ya chumvi ya majani wanayokula.

Ukiwa umebaki mpaka alasiri, yasubiri maji. Huja bila sauti, povu jembamba likitangulia, na vifaranga vya samaki vinaingia nalo katikati ya mizizi.

Hatua ya nane: barabarani, na mara ya pili

Ukirudi kusubiri daladala, simama kwenye matuta yaliyo mbele ya lango. Yaliwekwa kwa sababu punju walikuwa wakigongwa mara kwa mara wakivuka kati ya msitu na mashamba. Vifo vilipungua, havikuisha. Ukiwa umekodi gari, mwambie dereva tangu Tunguu kwamba huna haraka, na umwambie tena mkikaribia Kitogani. Niliwahi kupanda na dereva aliyeyapita matuta yale kwa kasi huku akipiga honi, na punju wawili wakaruka mbele yetu. Sikusema kitu siku ile, na mpaka leo najilaumu.

Kisha panga kurudi masika, mwishoni mwa Aprili. Piga simu kwanza uulize njia ikoje. Chukua mabuti ya mpira, simu uifunge kwenye mfuko wa plastiki. Msitu utakuwa umefurika, mahali pengine maji magotini, meusi kwa majani yaliyooza lakini safi ukiyachota kiganjani. Mitondoo itakuwa imesimama ndani ya kivuli chake yenyewe. Vyura watapiga kelele mchana kweupe. Mtembezaji atatangulia na fimbo akipima kina, wewe ukanyage anapokanyaga, na kila mara asimame akuoneshe kwenye shina alama ya matope iliyobaki pale maji yalipofika masika iliyopita.